Ijumaa ya Kupanga Diski

Sabri alimfundisha mkewe Fahima kupanga diski kabla hajaenda kutafuta maisha Maskati. Mafaili hukatikakatika yakatapakaa, alisema, kwa hiyo mara moja kwa mwezi iache kompyuta iyakusanye, wala usiiguse mpaka imalize. Basi Ijumaa moja ya kila mwezi walikuwa wakifunga duka lao la kuchapa pale Kiegeani, wanakunywa kahawa huku diski ikikwaruza kama mbuzi ya nazi. Hawakuwa na la kufanya ila kuzungumza.

Sabri alipoondoka, Fahima akawa anapanga kila Ijumaa, mpaka diski ikafa. Fundi Mudrik akamtilia ya kisasa, isiyo na kinachozunguka ndani.

"Hii haipangwi, Bi Fahima, utaichakaza bure. Na ile ya zamani uliichosha. Mara moja kwa mwezi ilitosha."

"Najua," akajibu Fahima.

Ijumaa iliyofuata alifunga duka vilevile, akamimina kahawa, akakaa. Mashine ilikuwa kimya, haikwaruzi, haina inachokusanya. Hapo ndipo ilipombidi akubali kwamba siku zote hizo alikuwa akimsubiri Sabri.