Tangi Alilojaza Mjomba

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema bila aibu, maana mke wangu huwahi kuwaambia wageni kabla sijafungua mdomo: "Huyu ukimtafuta, anza jikoni. Ukimkosa, angalia chini ya gari." Kazi yangu ni kurekebisha magari ya mbio, na siyafuati, yanakuja yenyewe mpaka langoni petu upande wa Kapseret. Nayaunganisha na kompyuta yangu yenye kioo kilichopasuka, mwenye gari anaendesha, mimi nakaa kando yake nikibonyeza. Tunafika karibu na uwanja wa ndege, tunageuza, narudi kunywa chai. Hiyo ndiyo safari ya kikazi ninayoijua.

Sikusomea mambo haya popote. Niliishia kidato cha nne, na fizikia ilinipa alama ambayo baba aliisoma, akaigeuza karatasi, akaisoma tena upande wa pili kama kuna msaada umejificha huko. Lakini cheche naijua. Mafuta ndani ya injini hayalipuki kwa mpigo mmoja, yanaungua, na kuungua kunataka muda. Kwa hivyo cheche hupigwa mapema kidogo, pistoni ikiwa bado inapanda, ili nguvu ya moto iikute ndiyo kwanza inageuka kushuka. Ukiichelewesha, gari linakuwa zembe. Ukiiwahisha mno, moto na pistoni vinakutana uso kwa uso, na unasikia sauti ya kokoto ndani ya mkebe. Tunaita kugonga. Gari likigonga vya kutosha, pistoni inatoboka, na hapo unamtafuta mtu mwenye trekta.

Ethanoli, ile spiriti inayotengenezwa kwa molasi huko kwenye viwanda vya miwa, ina uvumilivu. Unaweza kuiwahishia cheche hadi ukajiogopa mwenyewe, nayo inanyamaza tu na kusukuma. Petroli ya pampu haina uvumilivu huo. Ukiiletea cheche ya ethanoli, inaanza kurusha mawe.

Sasa trekta. Shemeji yangu, ndugu mdogo wa mke wangu, ana ng'ombe wa maziwa na gari moja kuukuu la tabo, lile feni la kuisukumia injini hewa, ambalo analipenda kuliko hao ng'ombe. Kuna siku ambayo kipande cha barabara inayopanda kutoka Bonde la Kerio kwenda Iten hufungwa, na watu kama yeye wanashindana kuupanda mlima. Alikuwa amejaribu mara mbili. Mara zote mbili injini ilikufa njiani, na mara zote mbili alivutwa hadi juu na trekta ya mjomba wake, mbele ya umati, akiwa ameshika usukani na kofia ya mbio bado iko kichwani. Huku sokoni wakaanza kumuuliza, "Leo umekuja na gari ama na trekta?" Wauza maziwa wenzake wakimpita wananguruma kwa midomo, ngurumo ya dizeli.

"Shem," aliniambia safari hii, "sitaki kushinda. Nataka tu nifike juu nikijiendesha."

Nilimwelewa. Nilikaa na gari lile msimu mzima wa mvua. Sina vifaa vya watu wenye pesa. Nina mpira wa kumwagilia maji, mita moja hivi. Ncha moja naibana kwenye mwili wa injini, nyingine naitia sikioni kama daktari, na nikisikia kokoto narudisha cheche nyuma. Nina pia chupa ya mtoto ya kunyonyea, yenye alama ubavuni. Unatia maji kidogo, unatia mafuta juu yake, unatikisa, unangoja. Ethanoli inayaacha mafuta na kuyafuata maji, maji yanaonekana kupanda alama, na hapo unajua ni kiasi gani. Mke wangu aliikuta kwenye sinki siku moja, akainusa, akaniangalia.

Nikamtengenezea shemeji ramani mbili, yaani majedwali mawili ya namba yanayoiambia injini ipige cheche lini na imwage mafuta kiasi gani. Moja ya ethanoli, moja ya petroli, na swichi ya kuchagua. Ile ya ethanoli ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilimwambia, "Weka ethanoli tupu. Usichanganye. Hata mtu akikuambia ni maji ya baraka, usichanganye." Nikampa na mtungi mweupe wa ethanoli ya akiba. Akaenda Iten siku moja kabla, alale kwa mjomba. Mimi nikabaki nyumbani, kama kawaida, nikipanga kuletewa habari njema kwa simu.

Simu ikaja nikiwa na kikombe mkononi.

"Shem, niko chini bondeni nimejaribu kidogo. Gari inatoa moshi mweusi. Na iko na kitu inalia."

"Inalia vipi?"

"Kama... kokoto kwa mkebe."

Niliweka kikombe chini. "Umetia nini?"

Nikasikia upepo wa bonde kwenye simu.

"Mjomba alinijazia tangi."

Inabidi ujue watu wetu. Mjomba, ndugu wa mama yako, akikupeleka mpaka kwa pampu asubuhi ya safari na kumwambia kijana wa pale "jaza huyu", humwambii "Mzee, ngoja kwanza nikueleze habari ya cheche." Unashukuru kwa mikono miwili. Tena huyu ndiye mwenye trekta. Alikuwa ameshasema mbele ya watu, "Mwaka huu nampa mafuta ya kutosha, ndio nisitoe trekta yangu tena." Tangi lilikuwa na nusu ya ethanoli yangu, mzee akaongeza nusu ya petroli na baraka zake zote.

"Tumia swichi," nikasema, halafu nikajikatiza mwenyewe. Ramani ya petroli ingemwaga mafuta machache mno kwa mchanganyiko ule, na ya ethanoli ingepiga cheche mapema mno. Hakuna iliyomfaa. Tena zote mbili nilizipima hapa kwetu, kwenye baridi na hewa nyepesi, nikiwa mita chache kutoka sufuria yangu. Kule chini kuna joto na hewa nzito. Injini ikivuta hewa nzito inagonga upesi zaidi. Hilo nalijua. Nililijua miezi yote. Ila kulipima kungenitaka nishuke bondeni, na mimi, mnanijua.

"Mtungi wa akiba uko wapi?"

"Niliacha kwa mjomba. Si tangi ilikuwa imejaa?"

Mke wangu alikuwa ameshachukua funguo za gari lake dogo. Anaendesha yeye, maana mimi kona za ule mlima huzipita nikiwa nimefumba macho, na dereva wa hivyo hafai.

"Leo umetoka nyumbani," akaniambia tulipopita mjini. "Nisimame tupige picha?"

"Endesha."

"Naendesha. Nauliza tu kama unakumbuka barabara."

Mpango wangu ulikuwa rahisi: tuchukue mtungi kwa mjomba, tushuke, tumwage tangi lote, tuanze upya. Pale Iten mjomba hakuwepo. Tulimkuta mke wake akichagua mahindi uani, mama wa kanisa, mpole kabisa.

"Mama, kuna mtungi mweupe kijana aliacha hapa."

Uso wake ukabadilika. "Ile pombe?"

"Si pombe, Mama. Ni ya gari."

"Nilifungua nikanusa. Usinidanganye, baba. Mimi nilizaliwa kwa boma iliyoharibiwa na hiyo kitu." Akarudi kwa mahindi yake. "Nimeimwaga kwa choo. Yote. Na huyo kijana nitamwombea."

Mke wangu alitoka haraka akaenda nyuma ya gari. Nilidhani analia kwa ajili ya ndugu yake. Alikuwa amejishika tumbo, anacheka mpaka hana sauti.

Tukashuka. Nimefumba macho. Joto liliingia dirishani kona baada ya kona, na kila tuliposhuka zaidi nilizidi kuona upuuzi wangu wa miezi yote. Kule chini shemeji alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba, kofia magotini. Magari mengine yalikuwa yanaanza kujipanga.

"Itavutwa tena?" akaniuliza.

"Nyamaza kwanza."

Nikachota mafuta, nikatikisa chupa ya mtoto mbele ya vijana waliovaa fulana za mbio. Mmoja akauliza, "Mzee, mtoto yuko wapi?" Mwenzake akajibu, "Si huyo mwenye kofia." Maji yakapanda, lakini yakaishia karibu nusu ya alama nilizozoea. Nusu kwa nusu, kama nilivyoogopa. Nikafungua kompyuta juu ya boneti na kuanza kuijenga ramani ya tatu kwa kubahatisha, jasho likidondokea vibonyezo. Nikapunguza mafuta ya ile ramani ya ethanoli. Nikachelewesha cheche kidogo. Shemeji akakanyaga, nikabana mpira sikioni: kokoto. Nikachelewesha tena. Akapanda hadi kona ya kwanza na kurudi, mimi nimejipinda kando yake na mpira uliopitishwa kwenye tundu la kebo. Kokoto, lakini chache. Nikachelewesha tena, na kila digrii ya cheche niliyorudisha ilikuwa moja ya zile nilizozitafuta mvua ikininyeshea. Mwishowe kokoto zikaisha, injini ikatulia. Ilikuwa na sauti ya gari la kupeleka watoto shule.

"Imekuwa nzito," shemeji akasema.

"Najua."

"Ile ya nyumbani ilikuwa inaruka, shem."

"Ile ya nyumbani imeenda chooni Iten. Panda."

Mimi na mke wangu tulitangulia kupanda kabla barabara haijafungwa. Kwenye kona ya mwisho tukamkuta mjomba. Alikuwa ameegesha trekta kando ya barabara, injini inanguruma, mnyororo umeshafungwa nyuma tayari. Akatusalimia kwa furaha. "Nimekuja nayo tu," akasema. "Nisionekane nimemtupa."

Magari yalipita, moja moja, yakilia vizuri kiasi cha kuniumiza. La shemeji lilipochelewa, mjomba alipanda kwenye kiti cha trekta. Nilikuwa nimeshika mpira wangu kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye chumba cha daktari. Halafu tukasikia mlio ule wa gari la shule ukipanda polepole, bila moshi, bila kokoto. Akatokea kwenye kona, akapita mbele ya trekta na mnyororo wake, akatoa mkono dirishani, akaendelea. Kwa muda, hakuna aliyekuwa nyuma yake ila mmoja. Lakini alifika juu akijiendesha, na watu wale wale wa kunguruma kwa midomo wakasahau kunguruma.

Mjomba aliruka chini kama kijana. "Si mmeona? Petroli safi ndiyo hiyo! Hayo maspiriti yenu yalikuwa yanamchelewesha tu."

Nilifungua mdomo. Mke wangu akanikanyaga mguu.

"Ni kweli, Mzee," nikasema. "Tunashukuru."

"Hata mwaka ujao nitamjazia. Hilo niachieni mimi."

Shemeji alirudi kwa miguu, kofia kwapani, akacheka alipoona uso wangu, akanishika bega. Mjomba alikuwa ameuona mpira mkononi mwangu. "Kijana anasema unasikiza ugonjwa na hiyo. Hebu nisikizie trekta yangu. Siku hizi inagonga."

Basi nikainama mbele ya watu wote, nikabana ncha moja kwenye injini, nyingine sikioni. Ilikuwa inagonga kama lori zima la kokoto, jinsi dizeli zote zinavyogonga tangu zizaliwe, bila kumdhuru mtu.

"Mzima kabisa, Mzee," nikamwambia. "Usiiguse."