Pete ya Mianzi ya Pipa la Soya, na Hesabu ya Darasa la Tano

Saa tatu asubuhi, Kinue Nishigaki analizunguka pipa lililopinduliwa kifudifudi, kamba ya katani mkononi. Pipa limemzidi kimo. Anafika alipoanzia, anaikaza kamba, anaweka alama kwa ukucha, kisha anainyoosha sakafuni kando ya futikamba.

"Saba, kumi na sita," anasema. Yaani mita saba na sentimita kumi na sita. Anapima tena mara ya pili na ya tatu. Jibu ni lile lile.

Kinue, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, ndiye fundi mapipa pekee aliyebaki katika mji mdogo wa Koura, kusini mwa Japani. Enzi za baba yake karakana hii ilitoa mapipa makubwa arobaini kwa mwaka. Mwaka jana yeye alitengeneza mawili mapya na kukarabati matano.

Hili la leo ni la Tatsuo Kuwahara, anayetengeneza mchuzi wa soya mtaa wa pili. Pete yake ya katikati, inayozibana mbao zake, ilipasuka majira ya baridi. Pete hizo husukwa kwa mianzi, na mianzi hukatwa vuli tu, maji yakishapungua ndani yake. Iliyobaki karakanani inatosha pete moja. Kinue akikosea kipimo, itabidi asubiri hadi Novemba, na Tatsuo ameshasema hasubiri. Atanunua tangi la chuma, na pipa litakuwa kuni.

"Dada Kinue, nakuheshimu sana, lakini soya haina subira," anasema Tatsuo akiwa mlangoni. "Mtu wa matangi nimemwambia aje Ijumaa."

"Mwambie aje na chakula chake," anajibu Kinue bila kuinua kichwa. "Hapa hatakuwa na kazi nyingine ila kula."

Nyuma ya Tatsuo wanaingia watoto kumi na wanane wa darasa la tano pamoja na mwalimu wao, Iwase. Wiki hii wameanza kujifunza mzingo wa duara, na mwalimu hakutaka uishie ubaoni.

"Kitabuni kila duara limeshapimwa kipenyo," anawaambia. "Haya, nani atanipimia kipenyo cha tumbo la pipa hili?"

Rula haiwezi kupenya pipa. Ndipo wanapoelewa kazi ya kamba: unapima mzingo kwanza, unagawanya kwa pai, yaani 3.14, na kipenyo kinajitoa chenyewe. Mita mbili na sentimita ishirini na nane.

Kinue anawaonyesha mianzi iliyopasuliwa, imelazwa sakafuni, tayari kusukwa. Niweke wapi alama ya kufungia, anawauliza. Wanajibu kwa sauti moja: saba, kumi na sita!

"Hapo hapo ndipo nilipoponzeka mimi," anasema.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alifunga pete kwa kipimo kile kile cha kamba, ikakwama shibiri mbili juu ya mahali pake. Baba yake aliipasua kwa shoka mbele yake, akaenda kula. "Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza."

Kosa ni kusahau kwamba pete ina unene. Hii ina sentimita nne. Ukiikunja, upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutika, urefu wa kweli hubaki katikati. Kwa hiyo lazima uongeze. Baba yake alimpa kanuni kwa mdomo: unene mara tatu, na ncha ya kidole gumba juu yake. Ameifuata miaka arobaini na zaidi bila kujua ilikotoka.

Msichana mmoja, Chihaya, hakubali. "Bibi, hiyo ni ya beseni. Pipa kubwa hivi si lazima uongeze zaidi?"

"Mtoto ana akili huyu," anadakia Tatsuo. "Msikilizeni!"

Mwalimu Iwase habishani. Anaangua ukutani pete mbili za zamani zenye unene wa sentimita nne, ndogo na kubwa, anawaambia wapime kwa ndani, kisha kwa nje. Ndogo: mita moja na nusu ndani, nje imezidi kwa sentimita ishirini na tano. Kubwa: mita tatu ndani, nje imezidi kwa ishirini na tano zile zile. Katikati ya unene ni nusu yake, kumi na mbili na nusu.

Chihaya anapima upya mwenyewe. Anakuja na jibu lile lile, amenuna kidogo.

"Pete iwe ya ndoo au ya pipa, kipenyo cha katikati yake kinazidi cha ndani kwa sentimita mbili huku na mbili kule," anaeleza mwalimu. "Nne mara 3.14. Pipa lingekuwa kubwa kama kilima, nyongeza ni hiyo hiyo."

Kinue anamwomba arudie. Halafu anacheka hadi anafuta macho. "Kumbe baba alikuwa na pai kwenye kidole gumba! Na shule aliiacha darasa la nne."

Alama inawekwa kwenye mita saba na sentimita ishirini na nane na nusu. Mchana pete imesukwa, na watu wanne wanaizunguka wakiigonga kwa nyundo za mbao. Inateremka, inateremka, inasimama unene wa kidole juu ya mstari wa chaki unaoonyesha mahali pake. Tatsuo anavuta pumzi.

"Mzunguko mmoja zaidi," anaamuru Kinue. Wanagonga. Pete inakaa sawasawa kwenye mstari.

Jioni pipa limegeuzwa na kujazwa maji. Tatsuo anapapasa ubavu wake wote, anatazama viganja vyake vikavu, anatoka nje na kumpigia simu mtu wa matangi kumwambia asije. Akirudi anaagiza pete mpya kwa mapipa yake mawili mengine.

Novemba Kinue atakata mianzi ya kazi hiyo, akisaidiwa na wanawake wawili wa mji wa jirani walioomba awafundishe. Tayari amemwomba mwalimu amwandikie hesabu ya leo kwa herufi kubwa, aibandike karakanani.

"Sitaki waogope kuniuliza kwa nini," anasema. "Mimi nilimwogopa baba, akafa sijamuuliza."