Kesi ya Mbuzi wa Bibi

Kila asubuhi mbuzi wa jirani hupanda kwenye mawe nyuma ya nyumba yangu, hapa Ilemela, akaanza kulia. Nyumba hii niliijenga kwa jasho langu niliporudi kutoka Dar es Salaam na diploma ya sheria. Ukielekea uwanja wa ndege huwezi kuikosa, ina bati la bluu. Lakini mbuzi hajali bati. Akilia tu, narudi kidato cha pili.

Madam Vero, mwalimu wetu wa Uraia, hakupenda kutusomea kitabu. Alitupa bustani ya mchicha nyuma ya darasa, akasema hiyo ndiyo nchi yetu: tulime, tuuze, tuweke akiba ya kununua mpira, tena tujitawale. Tukachagua serikali. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na sauti na, nisifiche, akili, nikawa hakimu. Nilikalia kiti cha Madam mwenyewe, chenye mto. Nilikipenda kuliko wali.

Kisha mbuzi akaila nchi, tukamkamata na kumfunga pale shuleni. Alikuwa wa Bibi Kabula, bibi yangu aliyenilea. Sheria tuliyoitunga ilisema mwenye mnyama aitwe, na akikutwa na hatia, mnyama abaki shuleni mpaka mchicha uote upya. Maziwa yetu ya chai yalitoka kwa mbuzi huyo. Hata hivyo nilikuwa na hamu kubwa ya kujua: hivi mtu anamhukumuje bibi yake?

Alikuja amevaa gauni la kanisani na viatu vya Jumapili. Alipotokea mlangoni tu, mimi hakimu nikaruka kutoka kitini.

"Shikamoo Bibi!"

Darasa zima likasimama. "Shikamoo!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni."

Tukakaa. Mahakama ikawa yake. Madam Vero, kule nyuma, alijifunika uso kwa daftari huku mabega yakimtikisika.

"Mheshimiwa," alisema Neema, mwendesha mashtaka wetu, binti wa Igoma asiyeogopa mtu, "mshtakiwa si ndiye aliyekupikia uji leo?"

"Ndiye. Kwani uji una kosa gani?"

"Tutajuaje hukumu imetoka kwenye sheria, siyo kwenye uji?"

Nilimtazama Madam. Akatazama dirishani. Nikamtazama Bibi.

"Usinitazame mimi," alisema. "Mimi nimeshtakiwa."

Nikaondoka kitini polepole, kana kwamba mto ulishonewa kwenye suruali yangu. Juma, mwanafunzi mwenzetu, akakikalia, akamsikiliza Bibi, akamtia hatiani: kamba ya mbuzi ilikuwa imeoza, na mwenyewe alikiri alijua.

Jioni tulikunywa chai ya rangi.

"Ungebaki pale, ungenihukumu?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Basi kunywa hukumu yako kabla haijapoa."

Kwa miaka mingi nilijisifu kwa habari hii, jinsi nilivyokiacha kile kiti kiume. Nilikuwa chuoni tayari, na vitabu vizito mkononi, swali jingine liliponijia: kwa nini Bibi alikuja? Tulikuwa watoto wa shule tu. Angeweza kumfungua mbuzi wake akaondoka naye, na nani kati yetu angemzuia? Badala yake alipiga pasi gauni, akapanda kilima kuitikia wito wetu.

Kumbe kiti chenye mto kilikuwa kiti tu. Mahakama iliingia mlangoni na viatu vya Jumapili, nasi tukaiamkia.