Mtutu wa Baba Haukutaka Kuoshwa

Mtaani kwetu Kariakoo kila mtu alijua nyumbani kuna bunduki, kwa sababu baba hakuweza kunyamaza juu yake. Alikuwa nayo kihalali, kibali amekifunga kwenye nailoni mbili, na alikuwa tayari kukitoa mfukoni hata kwa muuza maji ambaye hajakiulizia. Bunduki yenyewe ilikuwa ya babu, ndefu, nzito, mbao yake imepauka. Babu aliitunza kwa mtindo wake, yaani hakuitunza kabisa. Alipofariki, baba akahangaika ofisi hii na ile mpaka akaandikishwa yeye, na akaleta nyumbani kitu ambacho ndani ya mtutu kimeliwa na kutu kiasi kwamba ukipitisha kitambaa unasikia kinakwaruza kama mtu anakuna nazi. Akaipenda kuliko sisi. Sisemi kwa wivu, nasema kwa sababu sisi hatukuwahi kufutwa na kitambaa laini kila Ijumaa.

Kazi ya bunduki ilikuwa nguruwe pori. Mama ana shamba la mihogo Mkuranga, na nguruwe wa huko hawana adabu. Sisi hatuwali, ila wao mihogo yetu wanaila bila kuuliza dini ya mwenye shamba. Kila msimu mama akienda kukagua anakuta matuta yamefukuliwa, anarudi Kariakoo na hasira zake, na hasira zote zinamwangukia baba, ambaye ndiye mwenye bunduki.

Shida ilikuwa risasi. Bunduki ni ya zamani mno, risasi zake madukani hakuna. Baba, mtu aliyestaafu bandarini na ambaye hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kusoma magazeti ya jana, akaamua kuzisubu mwenyewe. Hilo nalo alilitafutia ruhusa, akaitia kwenye nailoni. Akawa anapita kwa mafundi wa tairi kuomba vile vipande vya madini ya risasi vinavyogongwa kwenye rimu ili gurudumu lisicheze. Akija navyo, anaviyeyusha uani kwenye jiko la mkaa, anamimina kwenye kalibu, anangoja, anagonga, kinadondoka kirisasi kinang'aa. Anakishika kwa kitambaa na kukigeuzageuza kama anakagua lulu. Mama alikuwa amempigia marufuku kusogeza ule moshi jikoni kwake, kwa hiyo alifanyia kule mwisho, karibu na choo. Mpangaji wa ghorofa la jirani, ambaye kutokea dirishani kwake anauona uwanja wetu wote, aliwahi kumuuliza mama kwa sauti ya chini kama mzee siku hizi anatengeneza sarafu.

Kisha virisasi vile hupakwa mafuta ili viteleze ndani ya mtutu. Baba alichanganya nta ya nyuki na samli. Samli ilikuwa ya mama. Mama hakuambiwa.

Na baada ya kazi yote hiyo, risasi zilikwenda zinakotaka. Tukiwa shambani baba analala kifudifudi kwenye mkeka, anavuta pumzi, anapiga. Ya kwanza inaruka kushoto, inayofuata inachimba udongo upande wa kulia, nyingine Mungu ndiye anayejua ilikoishia. Nguruwe walianza kumzoea. Nakumbuka mmoja alisikia mlio, akainua kichwa, akatutazama, akaendelea kula.

Baba alikuwa na maelezo kwa kila risasi iliyokosa. Mara madini aliyopewa ni feki, maana huku kwetu hata limao mtu anakuuliza kama ni orijino. Mara nta ilizidi. Mara upepo. Lakini zaidi alimlaumu mtutu: ule ukwaruzaji wa ndani, alisema, unaiparua risasi kabla haijatoka. Mama yeye alikuwa na maelezo ya aina moja tu.

"Mume wangu, hapo si mtutu. Ni macho."

"Macho haya yamesoma namba za makontena maisha yangu yote."

"Kontena ni kubwa kama nyumba. Hata mimi nikilipa mgongo naliona."

Alikuwa amemwomba aende akapimwe, baba akakataa. Akamwomba tena, baba akasema miwani ni ya makarani. Mwishowe, jioni moja tunakula, mama akaweka kijiko chini na kusema kwamba mtu asiyejua risasi yake inatua wapi hana haki ya kuwa na bunduki. Mvua zikikatika tutakwenda shamba, baba apige boksi. Akilipata, mama hatasema neno tena mpaka kufa. Akilikosa, bunduki inapelekwa kituoni na kukabidhiwa serikali.

Baba akasema sawa. Alisema haraka mno, nami nikamwonea huruma. Pale bandarini watu walikuwa wanamsubiri yeye ndipo lori litoke. Tangu astaafu hakuna aliyekuwa akimsubiri kwa lolote, isipokuwa akiulizwa kuhusu ile bunduki. Hapo mgongo unanyooka, sauti inarudi. Nilijua akinyang'anywa itakuwaje, na mama alijua pia, ndiyo maana siku hiyo hakumaliza chakula chake.

Sasa, kuna jambo la baba ambalo lazima nilieleze. Baba ni msafi wa kukera. Kikombe anakiosha kabla ya kunywa na baada ya kunywa, na kama umekitazama katikati anakiosha tena. Bunduki ndiyo usiseme. Akipiga risasi moja, anainuka, anafungua, anachukua fimbo yake na vipande vya kanga kuukuu, anausugua mtutu mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ndipo anaweka nyingine. Tulikuwa tunashinda jua zima pale kwa ajili ya mishindo ya kuhesabika, na nguruwe wana nafasi ya kula, kupumzika na kurudi kwenye kula.

Usafi huo huo ndio ulioleta balaa la chuma cha vitumbua. Mama anauza vitumbua barazani kila asubuhi, na chuma chake kina umri wangu. Ni cheusi tii. Basi mama aligundua habari ya samli, akanuna siku nzima, na baba akitafuta suluhu akaona amfanyie jambo la kumfurahisha. Mama alipokwenda msibani Jangwani, baba akakichukua kile chuma, akakaa nacho uani na waya wa kusugulia masufuria na sabuni ya unga, akakisugua kila kishimo mpaka kikang'aa. Mimi nilikuwa kazini. Ningekuwepo ningemwambia akimbie.

Alfajiri niliamshwa na sauti ya mama.

"Nani kaosha chuma changu?"

Baba akatoka chumbani anatabasamu. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, kitumbua cha kwanza kimeganda, cha pili kimeganda, vingine anavikwangua kwa kijiko vinatoka makombo. Wateja wamejipanga nje na vikombe vyao vya chai.

"Nilitaka kukusaidia," baba akasema.

"Kunisaidia? Chuma kinakaa miaka kinakunywa mafuta mpaka kinatulia, wewe unakuja kukivua nguo! Hiki hakioshwi, kinafutwa. Ukikiosha unaanza moja. Leo vya mwanzo vyote ni vya kuku."

Nilitegemea baba ajitetee, kwa kuwa hajawahi kushindwa kujitetea. Badala yake alisimama pale na msuli wake, anaangalia vile vishimo, mama anampigia kelele, na vitumbua polepole vinaanza kutoka vizima. Kile cha mwisho kilitoka cha duara kabisa. Baba akakichukua, akakigeuza, akaniangalia mimi.

"Mwanangu," akasema, "mimi kila nikipiga, naanza moja."

Sikumwelewa mpaka alipokwenda kuleta bunduki na kunieleza. Mtutu wenye mashimo ya kutu ukiwa msafi, unaiparua risasi na kuitupa ovyo. Ukishapitiwa na nta na uchafu wa risasi za mwanzo, mashimo yanazibwa, njia inatulia. Yeye kila akipiga alikuwa anaisugua ile njia na kuiondoa. Kwa hiyo maisha yake yote alikuwa hajawahi kupiga risasi ya pili. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama naye akacheka, ingawa alikuwa bado amenuna, na akampa kile kitumbua.

Mvua zilipokatika tukakodi kigari cha mizigo, kirikuu, kwenda Mkuranga. Baba amevaa shati la Idi. Nilisimamisha boksi la sabuni mbele ya kichuguu kirefu na kubandika juu yake karatasi nyeupe. Baba akapiga kwanza risasi kadhaa kwenye udongo, za kuutuliza mtutu, kisha akaacha kuosha. Hiyo ilikuwa kazi kwake kuliko kulenga. Mikono ilikuwa inamwasha, fimbo anaitazama, mara moja aliigusa na mama akamwambia, "Ee-ee, acha." Akaacha. Mimi nikaenda kwenye ndoo yetu kuchota maji ya kumpa, nikanywa na mimi, nikarudi nyuma yake alipo mama.

Akalala. Akapiga, akapiga, akapiga. Kila mlio ulifanana na mwenzake, nami sijui chochote cha bunduki, ila nilisikia kabisa kwamba safari hii mambo yako sawa.

"Kaangalieni," akasema, hata hakuinuka.

Tukaenda mimi na mama. Karatasi ilikuwa nzima. Boksi lilikuwa zima. Tulizunguka hata kichuguu kwa nyuma, hakuna kitu. Mama hakufurahi, na hilo naliandika kwa sababu nilimwona usoni. Ndipo tukasikia maji.

Ndoo yetu ya maji, ile nyeupe, nilikuwa nimeiweka chini ya mkorosho, mbali kidogo upande wa kushoto. Ilikuwa na matundu matatu, na kiganja cha mama kingeyafunika yote. Maji yalikuwa yanatoka kwa mistari mizuri iliyolingana. Mahali hapo hapo ndipo nilipokuwa nimeinama na kikombe, muda mfupi kabla.

Baba alitufuata. Akachuchumaa, akatia kidole kwenye tundu moja, kwenye la pili, kwenye la tatu, na uso wote ukafunguka.

"Mmeona? Si nilisema? Mtutu mzima! Tazama zilivyokaa pamoja!"

Mama akamwekea mkono begani. Miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akiongea naye kwa upole kama ule, na upole ndio ulionitisha.

"Mume wangu, ulikuwa unalenga nini?"

"Karatasi," baba akasema. "Ile nyeupe."

Akageuka, akakodoa macho upande ilipo karatasi, kisha akaitazama ndoo, kisha mimi. Nguo zangu zilikuwa bado na maji niliyojimwagia wakati wa kuchota. Aliziona. Alikaa chini kwenye tope la ndoo na shati lake la Idi.

Kesho yake alinyoa ndevu, akatoa nailoni zake mbili, na sisi wawili tukamsindikiza kituoni. Askari wa kaunta alikuwa kijana, akampa shikamoo, akaipokea bunduki kwa adabu. Akachungulia ndani ya mtutu, akakunja uso.

"Mzee, hii naona imekwisha. Niandike mbovu?"

"Usiandike mbovu," baba akasema, na sauti yake ya bandarini ilirudi yote, mpaka watu kwenye benchi wakageuka. "Bunduki nzima kabisa. Inapiga pale pale unapoilenga. Andika mwenyewe ndiye haoni."

Kijana akasita na kalamu, akatutazama mimi na mama. Mama akamwambia aandike hivyo hivyo. Tulipotoka nje bodaboda zilikuwa zinapita kila upande, na mama akamshika baba mkono ili wavuke. Baba hajawahi kukubali kushikwa mkono barabarani. Siku ile hakuutoa.