Jina la Marehemu kwenye Ofa

Nyumba tuliyotaka kununua ilikuwa mtaa wa Shanwe, hapa Mpanda. Ilikuwa na vyumba vitatu na ukumbi, tofali za kuchoma, na bati lililoanza kushika kutu upande wa jikoni. Muda ulikuwa umebaki mwezi mmoja kasoro. Tuliishi kwenye kota ya serikali, na barua ilikuwa imefika kwamba kota hiyo amepangiwa ofisa anayehamia Mpanda, hivyo tuwe tumetoka mwisho wa mwezi. Benki ya Tabora ilikuwa imekubali kutukopesha, lakini nayo ilisema mkopo usipochukuliwa hadi tarehe hiyo hiyo, tuanze maombi upya.

Tangu wakati huo watu wengi wameniuliza habari za rehani, na huwa nawaambia wasiliogope neno lenyewe. Benki inakupa fedha ya kununua nyumba, nyumba hiyo hiyo inakuwa dhamana, na karatasi zake zinakaa kabatini kwao mpaka umalize kulipa. Ukishindwa, wanaiuza. Ndiyo maana wakili wa benki anauliza maswali ambayo mnunuzi mwenye hamu husahau kuyauliza: kiwanja kiko kwa jina la nani, kodi ya ardhi imelipwa, mwenye nyumba ana mke, na huyo mke amekubali? Yanachosha, lakini yanakulinda na wewe. Mimi niliyajua yote hayo, na bado nilikwenda na hamu yangu.

Aliyekuwa akituuzia alikuwa mdogo wake mwenye nyumba. Mwenye nyumba mwenyewe, mfanyabiashara wa dagaa aliyetokea Ikola, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilikuwepo siku ya kuondoa matanga. Ukoo wao ulimkalisha huyo mdogo kwenye kigoda cha marehemu, wakamvika koti lake, wakamwita kwa jina lake. Kuanzia siku ile akawa ndiye. Watoto wa marehemu walimwita baba, waliokuwa na shida na marehemu walimfuata yeye, na mwenyekiti wa mtaa alipomwandikia barua ya utambulisho alitumia jina hilo bila kusita. Hakuna aliyeona kuna uongo hapo. Hata mimi nilikuwa nimeshazoea kumwita hivyo.

Mjane aliendelea kuishi kwenye nyumba pamoja na watoto wake wanne. Nilipokwenda kuikagua alinifungulia chumba kimoja baada ya kingine, akasimama mlangoni ananisubiri nimalize. Hakusema neno. Shemeji yake aliniambia ukoo umeshaamua, mama na watoto watarudi Ikola. Nikauchukua ukimya wa yule mama kuwa ndiyo yake.

Treni ya Tabora haikuwa ya kila siku, kwa hiyo tulisafiri watatu pamoja: mimi, mke wangu na huyo muuzaji. Mke wangu alitakiwa kwa sababu nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mwenzako kukubali. Njiani muuzaji alitoa ofa mfukoni, ile barua ya ardhi inayompa mtu kiwanja, akanionyesha. Chini palikuwa na alama ya dole gumba, kwa kuwa marehemu hakujua kuandika.

Nilimwuliza taratibu atamwambia nini wakili.

"Nitamwambia ni yangu," alisema. "Jina si hilo hapo? Nyie mlikuwepo."

"Dole si lako."

"Kaka, mimi nilikalishwa. Au ulikuja kula ubwabwa tu?"

Mke wangu alicheka. Baadaye muuzaji aliposinzia, aliniinamia akaniambia nisianze kutafuta matundu kwenye ndoo inayoshika maji. Tulikuwa na siku kumi na tisa.

Wakili wa benki alikuwa mama wa makamo aliyesoma kila karatasi kwa kidole. Alianza na sisi. Alimweleza mke wangu kwamba akiweka sahihi yake, siku tukishindwa kulipa hataweza kusema hakujua.

"Na nikikataa?" mke wangu aliuliza.

"Mtarudi na treni mlivyokuja."

Mke wangu akaandika jina lake. Wakili akaichukua ofa na ile barua ya mwenyekiti, akaziweka pamoja. Majina yalilingana. Akamtazama muuzaji.

"Ndiye wewe mwenye jina hili?"

"Ndiye mimi."

Hakudanganya, kwa alivyojua yeye. Wakili akafungua kidau cha wino wa dole gumba, akamvutia karatasi, kisha akanigeukia. Swali lilikuwa la kawaida tu, huwa wanaliuliza. "Na wewe mnunuzi, unamfahamu kwa jina hili tangu lini?"

Miezi minane. Jibu lilikuwa hilo, na ningeweza kusema "siku nyingi" tukamaliza. Niliuona mguu wa mke wangu ukisogea chini ya meza mpaka ukagusa wangu. Nilimfikiria yule mama mlangoni, anavyosubiri nimalize kukagua vyumba vyake.

"Tangu alipokalishwa kwenye msiba wa kaka yake," nilisema. "Mwenye dole hilo ni marehemu."

Wakili alikifunga kidau. Hakukasirika. Alitueleza kitu ambacho mimi nawaeleza watu hadi leo: ukoo unaweza kumpa mtu kigoda, koti na jina, na hiyo ni heshima yao, lakini nyumba ya marehemu haiuzwi na mtu yeyote mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Twende Mahakama ya Mwanzo, tangazo libandikwe, mwenye pingamizi asikilizwe. Muda wa barua yetu ya mkopo atauombea wiki chache kwa meneja, zaidi ya hapo hawezi.

Muuzaji hakunisemesha mpaka Mpanda. Mke wangu naye alinisemesha mara moja tu, kuniuliza kama nina njaa.

Ukoo ulipeleka maombi, tangazo likabandikwa ubaoni, nasi tukaanza kuhesabu siku. Ofisa mpya alifika kabla ya kesi. Alipanga gesti, na kila jioni alipita kotani "kutusalimia", akitupa macho kwenye madirisha. Nilimwomba avumilie. Alivumilia, lakini alianza kuja na futi ya kupimia mapazia.

Siku ya kusikilizwa, mahakama ilijaa watu wa ukoo. Muuzaji alisimama mbele amevaa lile koti. Hakimu alisoma muhtasari wa kikao cha ukoo, akauliza kama kuna pingamizi. Hakuna aliyejitokeza. Mbele yangu, kwenye benchi, yule mama alikaa na mwanawe mdogo mapajani, ameinamisha kichwa kama mjane anavyotakiwa. Nilihisi nyumba imeingia mkononi mwangu. Siku sita zilikuwa zimebaki kwenye barua ya benki, na treni ilikuwa inaondoka kesho yake.

Hakimu akasogeza karatasi pembeni. "Mjane yupo?"

Akasimama.

"Unakubali shemeji yako asimamie, na nyumba iuzwe?"

Wazee wa ukoo waligeuka wakamtazama. Alimhamishia mtoto begani.

"Mheshimiwa, tofali zile nilifyatua mimi," alisema. "Dagaa walionunua bati nilianika mimi. Sijawahi kuulizwa. Sikubali."

Shemeji yake alimwita kwa sauti ya chini, kama kaka anayemwonya dada yake. Yeye hakugeuka. Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema shauri la usimamizi litaendelea tarehe nyingine, na mpaka hapo nyumba isiguswe.

Nilirudi kotani kwa miguu. Mke wangu alikuwa ameshafunga sufuria kwenye gunia, magodoro yameegemezwa ukutani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alikaa juu ya gunia.

"Alisema kwa sauti ya kusikika?"

"Kila mtu alisikia."

Aliukaza mdomo wa gunia kwa kamba. "Mimi aliniuliza wakili nikaandika," alisema. "Yeye ndiyo kwanza anaulizwa leo."

Kisha akainuka, akaniambia nimkimbilie yule ofisa mpya kule gesti nimwombe siku mbili, naye akajitanda kanga kwenda kuulizia vyumba vya kupanga.