Wivu Wangu kwa Kabula wa Maabara

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ni ya miaka ya themanini, nilipokuwa msaidizi wa maabara katika hospitali moja ya Shinyanga. Mwenzangu Kabula, niliyemtangulia kazini, ndiye aliyepelekwa Mwanza kujifunza kupaka rangi seli za saratani kwa dawa ya madini ya fedha. Mimi nikabaki kuosha vioo. Alirudi vidole vimeingia weusi wa dawa ile, akawa anatembea navyo kama bibi harusi mwenye hina. Hata kicheko chake kilinichoma. Nilijifariji kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikawa nangoja alitie.

Akaja Mama Shija wa Buseresere, mkulima wa pamba, ana uvimbe shingoni. Kipande alichokatwa kilitutia shaka kwa rangi yetu ya kila siku. Kabula akakipaka fedha, kisha akaniita kwenye hadubini.

"Dada, nitazamie. Sitaki kuamua peke yangu."

Nikainama. Katika seli yenye afya, ndani ya kiini, huonekana kidoa cheusi kimoja au viwili, pale kromosomu zinapoanzisha mitambo ya seli ya kutengeneza protini. Hapa vilitapakaa, vikubwa kwa vidogo, kama mtama uliomwagika, dalili ya saratani. Niliviona waziwazi. Lakini fedha ile huacha uchafu mweusi pia, na ningesema ni uchafu, wangeniamini mimi mkubwa. Nikawa nazungusha kirekebishi cha hadubini, kana kwamba bado natafuta.

Mzee Masanja, mkuu wetu, alikuwa nyuma yangu. "Mbona husemi, ng'wanone, binti yangu? Umekosa macho au umekosa moyo?"

"Naona, mzee. Vidoa ni vingi mno. Kabula... amepaka vizuri."

Nikainua uso kutoka kwenye hadubini.

"Basi sema kwa sauti. Mama wa watu hana shingo ya pili."

Mama Shija alipelekwa Mwanza, wakathibitisha, akapasuliwa mapema. Msimu uliofuata alivuna pamba yake. Kabula akasifiwa, nami nikaumia tena, sikufichi. Ila nilimwomba anifundishe, naye akanifundisha bila maringo.

Mwanangu, wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Huwezi kuuzuia usikuingie, uzuie usikusemee. Mwenzako akijua usichokijua, kaa karibu naye ujifunze, na kweli uliyoiona iseme, hata kama sifa itakwenda kwake. Mungu akujalie moyo usiougua kwa heri ya jirani, na mikono yako izae.