Jumapili Tulizodai Likizo ya Uzazi

Wakati ule soko jipya la Kariakoo lilikuwa linajengwa, na vumbi la saruji lilitufuata mpaka kwenye sufuria. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja mitaa miwili kutoka sokoni, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ua mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mpiga chapa katika shirika la umma katikati ya mji, msichana wa Masasi aliyejiona ameshakuwa mtu wa Dar kwa sababu tu alijua kukanyaga mchanga wa Kariakoo na viatu vya kisigino.

Chumba kilichotazamana na changu alikaa dada mmoja wa Kilwa, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Alinizidi miaka kama sita. Ndiye aliyenifundisha kuishi na watu wa nyumba ile: zamu ya kufagia ua, nani usimguse kabla hajanywa chai, bomba lipi la mtaa hutoa maji mapema. Alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka mpaka majirani wa nyumba ya pili wakagonga ukuta.

Siku moja nilirudi kutoka kazini alasiri nikamkuta amekaa uani na nguo za nyumbani, anamenya mihogo. Zamu yake kiwandani ilikuwa haijaisha.

"Dada, leo hukwenda kazini?"

"Nimekwenda. Wamenirudisha." Akanipa karatasi. "Nisomee. Wameandika Kiingereza."

Niliisoma mara mbili kabla sijafungua mdomo, na si kwa sababu ilikuwa ngumu. Alikuwa na mimba ya miezi saba na hakuwa na mume. Alipoomba likizo ya uzazi, karani alimtaka alete cheti cha ndoa, maana likizo yenye malipo ilikuwa ya wake za watu. Hakuwa nacho. Basi barua ilimwambia kwamba kwa kuwa hataweza kufanya kazi na hana haki ya likizo, ajira yake imekoma. Nilimweleza polepole. Aliendelea kumenya mihogo mpaka ikaisha yote, mingi kuliko tulivyoweza kula watu wa vyumba vitatu.

Kesho yake nilimsimulia mwenzangu wa ofisini. Huyu alikuwa Mhindi, binti wa Kibaniani aliyezaliwa mjini hapa hapa, baba yake na duka la vitambaa Kariakoo tangu kabla ya uhuru. Tulikaa meza mbili zinazogusana, tukipiga chapa barua za watu wengine kutwa nzima. Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani kuliko changu. Mimi ndiye niliyekuwa nikichekwa kwa kusema kama mtu wa bara. Tuliitana shoga.

Alinisikiliza akiwa ameacha mikono juu ya mashine. Kisha akasema, "Jumamosi twende hukohuko kiwandani."

Tukaenda, sisi wawili na dada. Meneja alikataa kutuona. Alitupokea ofisa wa utumishi, mtu mpole, akatukaribisha viti. "Dada zangu," alisema, "mimi nawaonea huruma. Lakini kanuni sikuitunga mimi."

Tulipotoka getini, shoga yangu alisimama kwenye jua kali akajifunika kichwa kwa gazeti. "Basi tumtafute aliyeitunga," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Hatukujua kwamba tunaanza kitu. Jumapili ya kwanza tulikuwa watu watano uani kwetu, saa tisa mchana, vyombo vya chakula vikiwa bado havijaoshwa. Jumapili ya tatu tulikuwa wanane, pamoja na muuguzi wa hospitali kubwa ya jirani na Upanga, aliyetuletea nakala ya sheria ya kazi aliyoiazima, ikiwa imechanika jalada. Shoga yangu alisoma kifungu kwa Kiingereza, mimi nikakigeuza Kiswahili, na dada wa Kilwa, tumbo limemjaa, akatuuliza maswali ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyajibu. "Mtoto wa mke na mtoto wa asiye mke, hospitali wanawapima kwa mizani mbili?" aliuliza. Muuguzi alicheka mpaka akashika mbavu.

Tuliandika ombi moja la ukurasa mmoja, kwamba kila mwanamke mwajiriwa apewe likizo ya uzazi, ameolewa au hajaolewa. Nililipiga kwenye stensili, ili tutoe nakala nyingi, baada ya saa za kazi, shoga yangu akisimama mlangoni kuangalia kama mkuu wa ofisi anarudi. Kisha tukalitembeza. Tulikwenda kwa wanawake waliochambua kahawa kwenye maghala karibu na bandari, tukawasubiri wakitoka na vumbi kwenye nyusi. Wengi hawakujua kuandika, wakaweka dole gumba. Si kila mtu alitupokea. Mama mmoja pale bombani, mwenye mabinti wanne, alitufokea mbele za watu: "Mnataka wasichana wetu wazae ovyo, halafu serikali iwape zawadi?" Dada wa Kilwa akaweka ndoo chini akamjibu kwa adabu, "Shikamoo mama. Mimi sikuomba zawadi. Nimeomba kazi yangu." Yule mama hakuitikia marahaba. Lakini wiki mbili baadaye alimleta binti yake mkubwa aweke sahihi, akasimama mbali akijifanya anatazama mafundi wa soko.

Kisha balozi wa nyumba kumi, mjumbe wa chama mtaani kwetu, akatuita. Alikuwa mzee aliyestaafu reli, mwenye daftari la kila anayeingia na kutoka mtaani. Tulikwenda wawili, mimi na shoga yangu. Siku hizo kikundi kisicho ndani ya chama kilikuwa jambo la kuelezwa vizuri.

"Mikutano yenu ya Jumapili ina kibali cha nani?"

Nikasema ni mazungumzo ya akina mama tu.

Akamgeukia mwenzangu. "Na wewe binti. Nasikia nyumba ya baba yako imetaifishwa. Huna kinyongo wewe? Hukuja huku kuwatia wenzako maneno?"

Sikuwahi kumuuliza habari za nyumba ile. Niliona tu kwamba siku moja alianza kuja kazini kwa miguu kutoka Upanga, wamehamia kwenye fleti ya ndugu zao, na sikuuliza. Niliona haya. Yeye hakuinamisha macho.

"Nyumba imekwenda, mzee," alisema. "Mimi nimebaki. Na huyu dada aliyefukuzwa hakuwa na nyumba hata kabla."

Mzee alifungua daftari lake, akalifunga. Mwishowe akasema, "Ipelekeni karatasi yenu tawini, iingie kwenye ajenda. Ikiwa ndani ya chama, nitasema naijua. Ikiwa nje, siwezi kuwasaidia." Tulitoka tukishikana mikono kama watoto wa shule.

Dada wa Kilwa alijifungua mtoto wa kike. Mtoto hakuwa ametimiza miezi miwili mkutano wa wanawake ulipofanyika Mnazi Mmoja, na tawi letu likapewa nafasi ya mtu mmoja kusema. Tulitaka aseme shoga yangu, aliyejua kupanga maneno. Akakataa. "Wakiniona mimi watasikia nyumba ya baba," alisema. "Mwenyewe aseme."

Dada akapanda jukwaani na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimemwandikia hotuba. Aliikunja akaishika mkononi, hakuisoma.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, na kipaza sauti kikapiga kelele, akarudi nyuma, watu wakacheka. "Ndugu Mwenyekiti, huyu mgongoni kwangu ni raia. Anakunywa maziwa kama raia wengine. Kiwandani wameniambia nikalete cheti cha ndoa. Nawauliza, nikizaa ndani ya ndoa ndiyo nachoka, nikizaa nje sichoki?"

Kisha mahali fulani nyuma mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakapokea, mpaka mtoto akaamka akaanza kulia kwenye kipaza sauti. Niligeuka kumtazama shoga yangu. Alikuwa analia na kupiga makofi kwa wakati mmoja.

Ombi letu lilichukuliwa. Tukaambiwa linashughulikiwa. Miezi ikapita, nasi tukaendelea kukutana.

Asubuhi moja shoga yangu aliniambia ngazini, kabla hatujaingia ofisini, kwamba wanaondoka. Kaka yake alikuwa Uingereza. "Baba amezeeka ghafla," alisema. "Siwezi kumwacha apande ndege na mama peke yao." Nilimwambia atarudi. Akasema, "Ndiyo." Sote tulijua tulikuwa tunasema maneno tu. Nilikwenda kwao Upanga kuaga. Mama yake alinilisha mpaka nikashindwa kupumua, na kila nilipoinua uso alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukariri kitu.

Wiki tatu baada ya kuondoka kwake, redio ilitangaza kwamba kanuni inabadilishwa: likizo ya uzazi kwa mwanamke mwajiriwa yeyote. Tulikuwa uani. Tulipiga kelele, tukakumbatiana, dada wa Kilwa akaruka na mtoto. Nikageuka upande aliozoea kukaa shoga yangu, pale kwenye kizingiti cha jiko. Sikujua kwamba furaha inaweza kuuma kiasi kile. Sijui pia kama ni karatasi yetu iliyofanya kazi. Bila shaka walikuwapo wengine wengi, wenye vyeo, waliosema hivyohivyo.

Dada hakurudishiwa kazi yake. Alirudi Kilwa mwaka uliofuata na mtoto wake, akafungua genge la mboga. Sisi tuliobaki tukafanywa kamati. Tukapewa chumba tawini, mihtasari, mwenyekiti, na mimi nikawa katibu. Kazi nzuri tulifanya, sitaki kuidharau. Lakini hakuna aliyecheka tena mpaka jirani akagonga ukuta.

Miaka michache baadaye nilizaa mtoto wangu wa kwanza, na sikuwa nimeolewa. Nilijaza fomu ya likizo. Karani, kijana mgeni, aliigonga muhuri bila kuuliza lolote, akaita anayefuata. Nilisimama pale dirishani muda mrefu kidogo kuliko ilivyostahili. Nilitaka kumwambia. Nilimwandikia shoga yangu barua ndefu badala yake. Barua zake zilikuwa zimeanza kupungua, na hiyo haikujibiwa.

Kuna alasiri moja ninayoikumbuka kuliko ushindi wenyewe. Tulikuwa tumetoka maghalani, madole gumba mengi kwenye mfuko wa karatasi, na mvua ikatukuta. Tukajibanza sisi watatu chini ya bati la duka lililofungwa, dada na tumbo lake katikati, shoga yangu ameuficha mfuko ndani ya sari yake. Kuna mtu alisema neno, tukaanza kucheka, tukashindwa kusimama. Nimejaribu mara nyingi kulikumbuka neno lenyewe. Nakumbuka tu joto la mabega yao.